Kopo la Koboko

Kila Ramadhani Habuba alihitaji mdomo wa kuazima, na kwa miaka mingi mdomo huo ulikuwa wangu. Yeye alikuwa amefunga, na wanawake waliokuja kumsaidia kukanda walikuwa wamefunga, na unga wa biskuti za Idi haungoji magharibi ndipo uonjwe. Wapo waliomwambia kwamba mpishi anaruhusiwa kugusa kwa ncha ya ulimi kisha ateme. Alikataa. "Ulimi hapana jua kutema," alisema. "Ikisha onja, imekula." Basi mimi, Mlugbara wa Mvara, mjini Arua, mtoto wa watu wa kanisa, nilikalishwa kwenye kigoda katikati ya jiko la Waislamu nikatafuna mchana kweupe, huku wanawake sita wenye njaa wakinitazama mdomo.

Habuba ni bibi kwa Kinubi, na mtaa mzima ulimwita hivyo, hata wazee waliomkaribia umri. Niliingia kwake mara ya kwanza nikiwa na chupa mbili za samli. Shangazi yangu wa Logiri alikuwa na ng'ombe wanne, na maziwa yao aliyasukasuka kwenye kibuyu, na samli yake ilijulikana Arua nzima. Habuba alifungua chupa, akanusa, akaniuliza kama nimebatizwa. Nikasema ndiyo. Akanisogezea kidonge cha unga kwenye kiganja. "Kula. Sema mimi ukweli, si heshima." Nikala, nikamwambia sukari imezidi. Wanawake wakaguna, maana mtoto hasemi hivyo kwa mtu mzima. Habuba akaongeza unga konzi mbili, akaniambia nirudi kesho.

Tangu siku hiyo aliniamini. Nataka hilo lieleweke mapema, maana mengine yote ninayoyasimulia yanatokana nalo. Alikuwa hawaamini wauza duka, hawaamini madaktari, na imani yake kwa imamu mwenyewe ilikuwa nusu. Lakini nikisema mimi kwamba samli imeshika moshi, aliimwaga bila kunusa mara ya pili.

Biskuti zake zilikuwa na vitu vitatu tu: unga, sukari, samli. Hakutia yai, na maji aliyachukia. "Maji iko ya mutu mwoga," alisema, kwa sababu mwoga akiona unga unapasukapasuka hukimbilia maji ili ushikane, na biskuti ikishashikana kwa maji huwa ngumu na hukwaruza koo. Wake aliuacha upasuke. Samli aliipoza kwenye karai la maji mpaka igande, kisha akaipiga kwa mkono wa kulia, kiganja wazi, mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Sukari aliitwanga kwenye kinu na kuichuja kwa kitambaa. Halafu unga, kidogo kidogo. Akiubonyeza kwa dole gumba aliangalia nyufa pembeni, na mimi hadi leo sijui nyufa ngapi ndizo zinazotakiwa. Baada ya hapo alifinyanga vidonge na kuvikandamiza kwa kitako cha glasi ya chai, kikaacha alama ya nyota. Tanuri lilikuwa sufuria pana yenye mchanga chini, na makaa juu ya kifuniko. Moto wa juu ndio wenye macho, alikuwa akisema, wa chini ni kipofu.

Biskuti nzuri, kwa kipimo chake, haivunjwi na meno. Unaiweka ulimini, inalegea yenyewe. Nimekula biskuti za maduka ya Kampala na za Wahindi, na sijaona iliyofanya hivyo.

Alikuwa na ubahili wa kuchekesha. Alikusanya makaa yaliyozimika na kuyaosha. Kijiti cha kiberiti alikipasua katikati kwa wembe ili kimoja kiwe viwili. Lakini siku ya mwisho ya kufunga alituma sahani kwenye kila nyumba ya mtaa, ya Mwislamu na ya Mkristo, na moja kwa mlevi aliyelala nyuma ya msikiti, sahani ya udongo yenye maua sawa na ya imamu. Mwaka mmoja mtu aliiba trei nzima ikiwa bado ina moto. Ilijulikana ni nani. Habuba alimpelekea trei ya pili, na ujumbe kwamba ile ya kwanza ilikuwa haijaiva vizuri.

Na sahani zilirudi. Hiyo ndiyo desturi yao, na sisi Walugbara hatuko mbali nayo: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Unaweza kukirudisha na mayai, na limau, na sukari hasa, kwa sababu sukari inasema utamu umepokelewa kwa utamu. Kurudisha chombo kitupu ni utovu wa adabu. Kukirudisha na kile kile kilicholetwa, hakijaguswa, ni kitu kingine kabisa. Ni kusema kwamba kati yangu nawe hakuna tena kupelekeana, wala kwa harusi wala kwa msiba. Nilikuwa nimesikia jambo hilo likisimuliwa lakini sikuwahi kuliona.

Nilipokuwa mtu mzima na kumkimbia mume wangu, mama yangu mzazi alinifungia mlango siku mbili kwa aibu ya kanisa. Habuba alinitandikia mkeka. Hakuniuliza kilichotokea. Jioni ya pili alisema tu, "Ndoa si kaburi, binti. Mutu anaingia, anaweza kutoka." Yeye ndiye aliyenipa wazo la kuuza nguo za mitumba Koboko, ambako wateja wanatoka pande zote za mipaka na hawachagui sana. Nililia nikiwa nimelaza kichwa mapajani pake, na mkono wake ulinuka samli.

Sasa tazama. Mwanamke huyohuyo alikuwa na binti mmoja wa kumzaa, na binti huyo aliolewa na mkulima wa Lobule, Mkakwa, Mkristo, mwimbaji wa kwaya. Habuba alikwenda mbele ya ndugu zake, wanaume wamekaa, akasema, "Mimi hakuna binti." Akakataza jina lisitajwe nyumbani mwake. Halikutajwa. Ndugu walimwogopa, na waliomtembelea yule binti waliacha. Mimi, mtoto wa watu, nilisamehewa kwa siku mbili, na wa kwake hakusamehewa kwa miaka mitatu. Sijawahi kupata maelezo ya jambo hilo. Nadhani binti wa mtu mwingine hawezi kukuumiza vya kutosha.

Mwaka wa nne, biskuti zikiwa zimekwisha kupoa, alingoja wanawake waondoke. Alichukua kopo la maziwa ya unga, kubwa, alilolisugua kwa majivu mpaka likang'aa, akalijaza biskuti akitenganisha safu kwa karatasi. Hakunitazama. "Wewe unaenda Koboko sokoni," alisema.

"Ndiyo, Habuba. Kesho."

"Lobule si mbali na Koboko."

Nikasema si mbali. Akafunga kopo kwa kitambaa, mafundo mawili. "Hakuna mutu atajua. Wewe tu. Kama yeye atarudisha kopo na kitu ndani, mimi nitajua. Kama kuna kitu ndani, nitaenda mwenyewe kumuona."

Kwa nini asipige simu? Alikuwa nayo, na binti alikuwa nayo. Nilimwuliza hilo. Alisema simu haibebi sahani. Ameshasema mbele ya watu kwamba hana binti. Neno kama hilo halifutwi kwa neno lingine, linafutwa kwa mkono. Ndivyo alivyoona, na hakuna aliyeweza kumpindua.

Nilikwenda Lobule kwa bodaboda, kopo mapajani. Binti alikuwa anapalilia mihogo. Alifanana na mama yake mpaka nikasahau salamu. Alilitazama kopo, akajua linatoka wapi kabla sijafungua mdomo, na sikumwona akipepesa jicho.

"Rudisha," alisema. "Ambia yeye: mutu hakuna binti, biskuti iko ya nani?"

Nilimbembeleza. Nilimwambia mama yake amekonda. Aliendelea kupalilia. Jembe lake lilikuwa linapiga karibu na miguu yangu, nikaondoka.

Pale stendi ya Koboko nilikaa na kopo lile na sikuweza. Ningemwekea vipi mbele yake likiwa limejaa, na mafundo yake mwenyewe hayajafunguliwa? Niliona lingemuua. Hayo ndiyo niliyojiambia, na kwa mwaka ule wa kwanza bado nadhani yalikuwa ya kweli. Niliwagawia biskuti wanawake wenzangu wa mitumba. Nikanunua sukari kilo mbili, nikaijaza ndani ya kopo, nikafunga kitambaa.

Habuba alilifungua akiwa amesimama. Akaketi chini, palepale kwenye sakafu ya jiko, akaingiza vidole kwenye sukari. "Amepokea," alisema. Nikasema ndiyo, amepokea. Akaniuliza alisema nini, nami nikatunga: alisema samli imekolea.

Nilidhani atakwenda Lobule wiki hiyo, na nilikuwa nimejiandaa kukiri kabla hajapanda gari. Hakwenda. Hapo ndipo nilipomjua upya. Mwanamke ambaye hakungoja kuombwa radhi na mwizi, sasa alikuwa amepata sukari na kiburi kikarudi pamoja na nguvu. "Amepokea, vizuri," alisema. "Sasa yeye iko mtoto. Mtoto ndiye anakuja kwa mama. Tutangoja." Nami nikanyamaza, maana kunyamaza kulikuwa na faida kwangu.

Mwaka wa pili wa kopo nilipewa tena. Nilifika Koboko, mvua ikanyesha, njia ya Lobule ikawa tope, na dereva wa boda akasema tungoje. Sikungoja. Nilijua atakataa tena, ya nini kujipeleka kutukanwa. Wanawake wa sokoni walikula. Nikanunua sukari. Mwaka wa tatu hapakuwa na mvua na sikutafuta sababu. Wenzangu walikwisha kuzoea. Idi ikikaribia waliniuliza biskuti ziko wapi. Walizisifu sana, na sifa zao nilizibeba mpaka Arua nikazitia mdomoni mwa yule binti.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na miaka tisa. Katika miaka hiyo nilimfanyia Habuba binti mzima kwa maneno. Nilimwambia nyumba yake imeezekwa kwa mabati. Mwaka wa tano aliniuliza, huku akijifanya anatafuta kifuniko, kama kuna watoto. Nilikuwa nimesikia tu kwamba anao. Nikasema wawili, vijana. Tangu hapo juu ya safu ya mwisho kulikuwa na biskuti ndogondogo za watoto, kumi na mbili, sita kwa kila kijana, zilizokandamizwa kwa kifuniko cha soda. Mwaka ule zililiwa na muuza viatu.

Na kila mwaka nilikaa kwenye kigoda nikaonja unga. Aliniuliza, "Sema ukweli," nikausema, gramu kwa gramu. Chumvi imeingia. Samli ni ya juzi. Sukari haikutwangwa sawasawa. Sikuwahi kumdanganya kuhusu biskuti.

Mwaka jana, kama wiki mbili kabla ya Ramadhani, binti yake alikuja kwenye meza yangu sokoni. Alikuwa na msichana wa miaka saba hivi aliyehitaji gauni. Alinitambua mara moja. Alichagua gauni la njano, akalipima mabegani kwa mtoto, akazungumza bila kunitazama.

"Wewe ndiye ulileta kopo ile mwaka."

Nikasema ni mimi.

"Nilikuwa na hasira. Wewe uliondoka, mimi nikakaa chini kwa shamba nikalia. Idi ingine nilinunua sukari, nikaweka ndani ya mufuko, nikasema akikuja nitajaza kopo. Hukukuja. Mwaka ingine nikanunua tena." Alilikunja gauni. "Nikaelewa. Mama alipata kopo yake na biskuti ndani, akasema khalas, imekwisha. Iko haki yake. Mimi nilimkataa mbele."

Hapo ningesema. Maneno yalikuwa mafupi, na watu sokoni walikuwa wachache. Nilimwuliza jina la mtoto, na alilotaja ni jina la Habuba, lile la kuzaliwa ambalo hakuna aliyelitumia tena. Nikamwambia gauni amchukulie tu, ni zawadi. Aliniandikia namba yake ili nimpigie magauni mengine yakija. Nilimtazama akienda, mtoto akiwa amelivaa gauni juu ya nguo zake, na nikajichukia kwa namna ambayo sikuijua, kwa sababu hata wakati huo sehemu yangu ilikuwa inashukuru kwamba hakuuliza zaidi.

Siku tatu nilikaa na hayo moyoni. Ya nne nilikwenda Arua.

Habuba alikuwa kitandani tangu Januari. Miguu ilikuwa imevimba, na macho yalikuwa yameingia ukungu. Alikuwa amekwisha kusema kwamba mwaka huu hataoka. Mpwa wake mmoja alimwangalia asubuhi na jioni. Mchana alikuwa peke yake. Nilimpa maji, nikaketi pembeni ya kitanda, na nikamwambia. Nilianza mihogoni, nikamaliza kwenye gauni la njano. Sikujipunguzia kitu.

Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Na sukari?"

"Mimi nilinunua, Habuba."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

Nilidhani ananitafutia laana. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya upole, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko laana.

"Nani amekutuma? Ndugu yangu? Wamejua kuhusu kopo?"

"Hakuna aliyenituma."

"Ile sukari ni ya mtoto yangu. Mimi ninajua mkono yake. Alikuwa anajaza mpaka hapa." Alionyesha kifundo cha pili cha kidole, kama anayepima kutoka ukingoni mwa kopo. Ni kweli, ilifika hapo. Ndipo kilo mbili zinapofika ndani ya kopo lile, awe nani anayemimina. Nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa. Nikamwambia binti yake amengoja, alinunua sukari mara mbili, ana msichana mmoja na amempa jina lake.

"Iko na vijana wawili," alisema. "Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilidanganya."

"Ulisema vijana miaka yote, leo unasema msichana. Mimi niamini wewe gani?"

Mdomo uliokuwa ukiaminiwa kuliko midomo yote mtaani ulikuwa mbele yake, kwa mara ya kwanza unasema kweli tupu juu ya binti yake, na ulikuwa hauna thamani. Nilipiga magoti. Nilimwomba niende Lobule nimlete leo hii. Alisema hapana haja ya kumleta mtu ambaye anakuja mwenyewe. Amengojwa miaka mingi na Idi hii lazima atafika, anajua mama ni mgonjwa.

"Hajui, Habuba. Hakuna aliyemwambia."

"Anajua. Mtoto anajua."

Nilitoa simu. Niliona ni njia pekee iliyobaki, na labda ingekuwa njia kama ningempigia binti kwanza, nje, nikamweleza. Sikufanya hivyo, kwa sababu kumweleza kungekuwa kukiri mara ya pili siku moja, na nilikuwa nimechoka. Nilipiga palepale, nikafungua spika, nikaishikilia karibu na mto.

Iliita mara nyingi. Kisha ikapokewa, na upande wa pili kuku walikuwa wanalia.

"Halo? Nani?"

"Ni mimi wa nguo, wa sokoni," nilisema. "Niko Arua, kwa mama yako. Yuko hapa, anasikia. Zungumza naye."

Nilisikia akipumua. Kisha akasema, kwa sauti iliyopanda na kukwaruza, sauti ya mwanamke mtu mzima ambayo Habuba hakuwa ameisikia kwa zaidi ya miaka kumi na miwili, "Mama?"

Habuba aligeuza uso ukutani.

"Huyu si mtoto yangu," alisema. Alisema kwa nguvu, ili huyo mgeni, aliyemdhani amekodiwa, asikie vizuri. "Mimi sijui mwanamke huyu. Aache kuniita mama."

Nilipeleka mkono kufunika simu na nilikuwa nimechelewa. Kuku walisikika kidogo tena, halafu ikakatika. Nikapiga. Ikaita mara moja na kukatwa. Nikapiga tena, ikawa imezimwa.

"Amemaliza?" Habuba aliuliza.

"Amemaliza."

"Vizuri. Usilete watu kama hao tena. Mimi ni mugonjwa." Hakuwa na hasira nami. Alinipapasa mkono, akanisamehe, kama alivyomsamehe yule wa trei. Kisha akasema shingo inamuuma kwa kutazama ukuta, akaniomba nimgeuze aelekee mlangoni, ili binti yake akifika amwone mara moja.

Nilimgeuza.